Kengele Kumi na Moja

Gari langu lilikufa Novemba, katikati ya daraja,
likanuka mpira ulioungua, likanyamaza.
Fundi alinishika bega kama tuko msibani.
Nikaenda kwa Geertje Wolthuis, mtaa wa nyuma ya kanisa,
nikiwa nimeshachagua.

Ilikuwa dirishani: nyekundu, nyembamba kama mbu,
usukani umeinama, tairi upana wa kidole gumba.
Kizuri chajiuza, nami nilikuwa nimeshanunuliwa.

Geertje hakuniuliza rangi.
Aliuliza, "Unabeba nini?"
Nikasema, mfuko.
Akasema, "Ulete."

Kesho yake nikarudi nao, kilo kumi na moja:
ufunguo wa kukazia nyuzi, koleo, sufu iliyoshindiliwa,
waya wa saizi tisa, gundi, chupa ya chai.
Mimi hurekebisha sauti za piano, Zwolle na vijiji vyake,
hadi ng'ambo ya mto, ambako tuta halina mti hata mmoja
na upepo hukujia usoni uendapo, usoni urudipo.
(Nimeuliza wengi. Hakuna ajuaye unafanyaje.)

Akanitundika mfuko mgongoni, akanipandisha kwenye ile nyekundu.
Nikawa kama mtu anayetafuta sarafu sakafuni.
Goti la kushoto, lile la kuanguka kwenye barafu, likalia.
"Na hujatoka mlangoni bado," akasema.

Inalala wapi?
Uani, chini ya mfereji wa bati unaovuja.
Ngazi?
Hakuna.
Nani mwingine ataipanda?
Siku hizi, hakuna.
Hilo la mwisho hakuliandika. Akainama
akanipima mguu kwa rula ya mbao, bila haya,
kama fundi cherehani mwenye wateja foleni.

Akanitolea nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba.
Madigadi mapana. Mnyororo umefungiwa ndani ya sanduku lake
usiione mvua. Gia tatu zimefichwa kitovuni mwa gurudumu.
Keria ya mbele imeshikamana na fremu, si na usukani:
mzigo unatazama njia hata wewe ukigeuka kutazama bata.

Sikuipenda. Nasema kweli.
Ilikuwa baiskeli ya mwalimu mkuu, ya shemasi,
ya baba yangu.

Nikainyanyua nyuma, nikazungusha gurudumu,
maana macho yangu huhongeka, masikio hayahongeki.
Ile nyekundu ilikuwa imetoa tikitiki ya saa ya bei poa.
Hii ilitoa mvumo mmoja, wa chini, ulionyooka,
kama uzi mnene wa besi unapokaribia kunyamaza.

Nikagusa kengele.
Lo!
Robo sauti chini. Robo nzima!
Nitawezaje kupanda kosa kila asubuhi hadi nizeeke?

Geertje akavuta droo. Kengele kumi na moja:
za shaba, za bati, moja ya plastiki ambayo hatukuizungumzia,
moja yenye picha ya kipepeo.
Nikazipiga moja moja, nikarudia. Saa ya kufunga ikapita.
Mumewe akachungulia, akatutazama, akarudi kwenye supu yake.
Ya tisa ilikuwa sawa kabisa.
Ya kipepeo, bila shaka.

Euro mia nane na arobaini, kufuli mbali,
na kufuli peke yake, jamani, bei ya mbuzi.
Nusu nikalipa taslimu. Nusu tukakubaliana
nitaitengeneza piano ya mama yake,
iliyofungwa tangu alipoacha kuwatambua watoto wake.
"Usiharakishe," Geertje akasema. "Huwa anakaa pale karibu."

Kwenye tuta, upepo ukaja usoni.
Nikashusha gia. Goti halikusema kitu.
Kijana mmoja akanipita juu ya nyembamba kama ile,
kichwa chini, kama anayekimbia deni,
nami nikampigia kipepeo, kidogo tu, kwa wivu.

Nilipofika nikafungua mfuko.
Chai haikuwa imemwagika.